Kamala Khan Katoka Timu, Hakuacha Ushujaa

Katoka Avengers. Hajawahi kuwa Avengers. Kafa. Kafufuka. Ni jini. Si jini, ni myutanti.

Kama una mtoto wa skuli nyumbani, au mdogo wako anayerudi kutoka laibrari ya muvi na flashi mfukoni, majibu haya umeshayasikia yote kuhusu msichana mmoja: Kamala Khan, mwenye jina la kazini Ms. Marvel. Vijana wanabishana barazani mpaka sauti zinapanda, na mzazi aliyekaa pembeni na gazeti lake haelewi vipi mtu mmoja awe kafa na wakati huohuo anatangazwa kwenye muvi. Ajabu ni kwamba karibu majibu yote hayo ni ya kweli, ila hayakai mahali pamoja.

Kinachowachanganya watu ni kuwa Kamala wako wawili. Wa kwanza ni wa komiki, yaani vijitabu vya hadithi za picha ambavyo kampuni ya Marvel ya Marekani huvitoa kwa mfululizo, aghalabu toleo moja kwa mwezi. Huyu alichungulia kwa mara ya kwanza mwaka 2013 ndani ya komiki ya mtu mwengine, na Februari 2014 akapewa yake mwenyewe. Wa pili ni wa skrini: tamthilia ya episodi sita iliyoanza Juni 2022, kisha muvi ya The Marvels iliyotoka Novemba 2023, kote akiigizwa na Iman Vellani. Jina ni moja, wazazi ni walewale, mji ni uleule, lakini linalompata huyu halimpati yule. Anayetoa ushahidi wa komiki kumbishia aliyetazama tamthilia hatashinda, na mwenzake naye hatashindwa.

Maneno mawili matatu kabla hatujaingia ndani. Supahiro ni shujaa wa kubuniwa mwenye uwezo ambao binaadamu hana, na mara nyingi ana majina mawili, la nyumbani na la kazini, na siri iliyopo baina yake ndiyo inayoendesha hadithi. Timu ni kundi la mashujaa hao wenye kiongozi, makao na masharti. Avengers, waliotoka kwenye komiki kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ndiyo timu ya wakubwa: Iron Man, Thor, Captain America na wenzao. Champions ni timu ya vijana. Hizo mbili zitatutosha kwa sasa. Ya tatu itajileta yenyewe mwishoni.

Sasa huyu Kamala ni nani? Ni msichana wa miaka 16 wa Jersey City, mji uliotazamana na New York ng'ambo ya mto. Wazazi wake, Yusuf na Muneeba, ni Wapakistani waliotoka Karachi. Kaka yake Aamir ni mtu wa dini hasa, muda mwingi ameshika ibada, na baba yake humtania kwamba asingoje riziki imfuate msalani. Rafiki yake Bruno anauza duka. Rafiki mwengine, Nakia, anavaa hijabu kwa hiari yake, na katika komiki ni baba wa Nakia ndiye asiyeipenda. Kamala mwenyewe havai. Nalitaja hili kwa sababu wapo walioambiwa kuwa ni "supahiro wa hijabu", wakenda kumtazama, wakahisi wamedanganywa.

Toleo la kwanza linaanza kwa kosa ambalo mzazi yeyote wa Kikwajuni atalitambua. Kamala anakatazwa kwenda kwenye sherehe ya usiku, anatoka kwa dirishani. Huko anapewa maji ya machungwa yaliyotiwa pombe, anaonja, anatema, anaondoka kwa hasira. Njiani ndipo ukungu wa ajabu unapomkuta, na akizinduka ana uwezo wa kurefuka, kupanuka na kusinyaa. Vazi lake la kazi analitengeneza kutokana na burkini, lile vazi la kuogelea la kujisitiri mwili mzima. Wanaoujua mradi wa Panje kule Nungwi, ambako wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa burkini, hawatahitaji kuchorewa.

Hadithi hii haikuandikwa na mtu aliyesimama nje akitazama dirishani. Mhariri aliyeisimamia, Sana Amanat, ni Muislamu aliyekulia New Jersey katika familia ya Kipakistani, na mwandishi wake, G. Willow Wilson, ni Mmarekani aliyesilimu. Mwaka 2015 mkusanyiko wa matoleo ya mwanzo ulipata tuzo ya Hugo upande wa hadithi za picha. Inaonekana kwenye mambo madogomadogo. Kuna kipande ninachokipenda kuliko mapigano yote: wazazi wamechoka na msichana anayetoroka usiku, wanampeleka kwa Sheikh Abdullah wa msikitini kwao ili amuonye. Kamala amejiandaa kusomewa. Sheikh anamsikiliza, anaelewa kuwa binti huyu hatamwambia siri yake na pia hataacha anachokifanya, basi anamwambia kama ni lazima uendelee, endelea kwa sifa zinazomfaa mtu wa heshima: ujasiri, ukweli, huruma. Na utafute mwalimu. Nimesoma komiki nyingi ambamo mtu wa dini yupo ili awe kikwazo tu, sikutarajia hili.

Na tusiseme kuwa ndiye supahiro Muislamu wa mwanzo. Marvel walikuwa na Sooraya Qadir, msichana wa Afghanistan aitwaye Dust, tangu 2002. La Kamala ni kuwa Muislamu wa kwanza kupewa komiki yake mwenyewe katika kampuni hiyo.

Twende kwenye jini, maana hapa visiwani neno hilo halisemwi ovyo. Kwetu, na Pemba zaidi, ukimwita mtu jini hujasema habari za watoto. Katika tamthilia, episodi ya tatu, wanatokea watu wanaoongozwa na mwanamke aitwaye Najma. Wamefukuzwa kutoka ulimwengu mwengine unaoitwa Noor, na wanasema kuwa walimwengu wamewapa majina mengi, majini likiwa mojawapo. Aisha, mama wa bibi yake Kamala, alikuwa miongoni mwao, na bangili yake ndiyo iliyomfungulia Kamala uwezo wa kuufanya mwanga ugande kama kitu cha kushikika. Kwa hiyo hao ni wageni kutoka mahali pengine ambao binaadamu waliwabandika jina walilokuwa nalo karibu. Si majini wa Qur'ani, si wa kilingeni, na waliotengeneza tamthilia hawakudai hivyo. Wasimulizi wetu wanaotia Kiswahili juu ya muvi wana sehemu yao ya lawama: neno likishapita masikioni mwao wanaling'ang'ania mpaka mwisho, kwa sababu linanogesha. Siwalaumu sana, raha ya muvi za kutafsiriwa ni hayo hayo madoido.

Katika komiki hakuna jini hata kidogo. Ule ukungu unaitwa Terrigen, nao huamsha damu ya kale iliyolala ndani ya watu wa ukoo wa Inhumans. Mwishoni mwa tamthilia Bruno anamwambia kuwa kwenye vinasaba vyake kuna badiliko lisilokuwemo kwa jamaa zake. Ndipo neno myutanti lilipoingia, yaani mtu aliyezaliwa na badiliko la vinasaba linalompa uwezo. Komiki nazo zikafuata mwaka 2023, kwa hiyo Kamala wa karatasi sasa ni vyote viwili, Inhuman na myutanti.

Jina la Ms. Marvel nalo limewasumbua watu bure. Lilikuwa la Carol Danvers, shujaa wa siku nyingi wa Marvel, tangu 1977. Mwaka 2012 Carol akachukua jina la Captain Marvel, la zamani likabaki halina mwenyewe, na Kamala, aliyekuwa shabiki wake mkubwa, akaliokota. Hakumpindua mtu.

Haya, timu.

Kamala wa skrini hajawahi kuwa Avengers hata siku moja. Tamthilia inapoanza yeye ni mshabiki tu, anajishonea nguo ya Captain Marvel aende nayo kwenye tamasha la mashabiki. Katika The Marvels anajikuta amefungamana na Carol pamoja na shujaa mwengine, Monica Rambeau, kila wakitumia uwezo wao wanabadilishana mahali, na mwisho wa muvi anamtembelea kijana mwenziwe Kate Bishop akiwa na nia ya kukusanya vijana wengine. Huyu haachi timu, ndiyo kwanza anaitafuta. Anayesema kuwa Kamala wa muvi kajitoa Avengers amechanganya mafaili.

Wa komiki ndiye aliyetoka, na kisa chake ni kizito kuliko wengi wanavyokisimulia. Mwaka 2015 Avengers walijipanga upya wakachukua vijana watatu: Kamala, Miles Morales ambaye ni Spider-Man mdogo, na Sam Alexander aitwaye Nova. Kamala alifurahi kama mtu aliyechaguliwa timu ya taifa. (Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hao wakubwa wangekuwa na maelezo ya kutoa. Lakini Jersey City ni mbali.)

Mwaka uliofuata kikazuka kisa cha Civil War II. Kijana mmoja, Ulysses, anapata uwezo wa kuona matukio kabla hayajatokea. Carol Danvers anaona hapo neema: watu wakamatwe kabla ya kutenda kosa. Iron Man anapinga, mashujaa wanagawana pande mbili. Carol anampa Kamala kazi ya kusimamia kikundi cha vijana mtaani kwake, wawakamate watu ambao bado hawajafanya lolote. Kamala anakubali, maana amri imetoka kwa mtu anayemhusudu kuliko wote. Kisha anakamatwa kijana wa skuli yao. Bruno anajaribu kumtoa kizuizini kwa mlipuko alioutengeneza mwenyewe, unamgeukia, unamjeruhi vibaya. Urafiki unavunjika, na Bruno anaondoka kwenda kusoma Wakanda, nchi ya kubuniwa ya Afrika katika komiki hizo.

Hapo ndipo Kamala alipokatana na Carol, na yeye, Miles na Sam wakawaacha Avengers. Hakuchoka kupigana na wahalifu. Alichoka kuona wakubwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe huku watoto wakilipa. Mwaka huohuo wa 2016 wakaanzisha Champions.

Watu wa Unguja hawana sababu ya kutatizwa na hili, taarabu yetu imejaa visa vya namna hiyo. Kijana anaingia klabu kongwe, tuseme ya umri wa Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa 1905, anapewa kiti nyuma, anaambiwa apige kama ilivyoandikwa, asubiri zamu yake. Wakubwa wakianza kugombana wao kwa wao, yeye ndiye anayetumwa kupeleka maneno. Siku akitoka na wenziwe wawili wakaunda kundi lao, hakuna mtu hapa mjini atakayesema fulani kaacha muziki. Atasema katoka klabu. Udi anaoupiga ni uleule, harusi ni zilezile, hata mashabiki wengine watamfuata. Kilichobadilika ni nani anayempangia apige nini. Anayesema Kamala "kaacha ushujaa" amekosea hapo hapo.

Hata hivyo maisha ya kawaida aliyatafuta kweli, na hili ni jambo mbali na kutoka timu, ingawa watu huyaunganisha. Baada ya yale ya Bruno alisafiri kwenda Karachi kwa bibi yake mzaa mama, awe mjukuu tu, ale, alale, aiweke kando barakoa ya kazi. Karachi si pa kigeni sana kwetu, majahazi ya kaskazi yalikuwa yakishuka kutoka pwani zile. Alichokikuta ni kwamba kule anaonekana Mmarekani kama vile Jersey City anavyoonekana Mpakistani. Vijana waliozaliwa Muscat wakaja Unguja kutazama jamaa watanielewa. Na mji nao una matatizo yake na shujaa wake, kijana aitwaye Red Dagger, kwa hiyo hata mapumziko hayakuwa mapumziko. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa 2017, kuna matoleo ambayo Kamala hayupo kabisa mjini na marafiki zake wanavaa nguo zake kwa zamu ili mtaa usijue kuwa hana mlinzi. Hayo ndiyo matoleo ya kumpa mtu anayetaka kujua nini hutokea shujaa akitaka kupumzika: kazi haisimami, inawaangukia wengine.

Hapa kwetu siri yenyewe isingedumu. Msichana akivaa barakoa Michenzani asubuhi, kabla ya Alasiri shangazi yake ameshamjua kwa mwendo. Na hadithi inalijua hilo pia. Kamala anapojikaza mwaka 2015 kumwambia mama yake siri yake, Muneeba anamwambia kuwa alikuwa anajua.

Mwaka 2020 mambo yaligeuka kwa kejeli. Katika kisa cha Outlawed vijana mashujaa wanalinda shughuli moja kwenye skuli ya Kamala, maafa yanatokea, na yeye anaumia mpaka anapoteza fahamu kwa muda. Akiwa kitandani, wanasiasa wa Marekani ya kwenye komiki wanapitisha sheria inayowakataza walio chini ya miaka 21 kufanya kazi ya ushujaa bila msimamizi mkubwa aliyeidhinishwa. Wanaiita Sheria ya Kamala. Hakuulizwa. Akizinduka anakuta jina lake limetumika kumfungia yeye na wenziwe, na yeye ndiye anayesimama mbele ya watu kuipinga. Wapo wanaosema kuwa sheria hiyo ilikuwa ya haki, watoto wasipigane na majambazi. Mimi naona hoja yao ina uzito, na uandishi wa kisa hicho hauikwepi: baadhi ya wanaoitetea wanawapenda kweli watoto hao. Lakini kumkataza mtu kwa jina lake bila kumuuliza ni jambo ambalo kila mtoto wa pili katika familia kubwa amelionja.

Basi kwa nini kila mwandishi anamtoa shujaa wake, anamrudisha, anamtoa tena? Kwa sababu komiki ni biashara ya mfululizo na haina ukurasa wa mwisho. Shujaa akipata maisha ya kawaida moja kwa moja, hadithi imekufa. Asipoyatamani kabisa, amekuwa mashine, na msomaji anaondoka. Ndiyo maana Spider-Man alitupa nguo zake jaani tangu mwaka 1967, akazirudia katika toleo lilelile. Kitty Pryde, aliyeingia kwa X-Men, timu ya myutanti, mwaka 1980 akiwa na miaka 13 na nusu, baadaye aliwaacha akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Chicago. Hata umri unasimamishwa: Kamala alikuwa na miaka 16 mwaka 2014, na muongo mmoja baadaye bado ni kijana, kwa sababu saa ya komiki haifuati iliyokuwa ya Beit el Ajaib wala ya mtu mwengine.

Tofauti ninayoiona kwa Kamala ni anakokimbilia. Spider-Man akitaka kawaida anataka kuachwa peke yake. Kamala anataka chakula cha mama yake, msikiti, masomo, ubishi wa Aamir, mtaa wake. Wanaosema hadithi hii ni ya binti wa Kiislamu anayewakimbia wazazi na dini hawakufika toleo la pili. Anachokikimbia kila mara ni amri za wakubwa wenye nguvu kama zake.

Limebaki la kufa. Ni kweli, Mei 2023 aliuawa, tena ndani ya komiki ya Spider-Man, toleo namba 26 la mfululizo wa wakati ule. Wasomaji wengi walikasirika kwamba amefia kwenye kitabu cha mtu mwengine, na nadhani walikuwa na haki. Kifo cha msichana huyu kilistahili nyumba yake. Julai mwaka huohuo akarudishwa, kwa sababu wakati huo myutanti katika komiki walikuwa na njia ya kuwarudisha wafu wao. Mzazi asihangaike kutafuta itikadi ya dini humo. Ni hila ya waandishi, na ndiyo iliyotumika kutangaza kuwa na yeye ni myutanti.

Na hapo ndipo X-Men walipomchukua, timu ya tatu. Kazi waliyompa katika komiki iliyoanza Agosti 2023, iliyoandikwa na Iman Vellani huyohuyo pamoja na Sabir Pirzada, ni kwenda Chuo Kikuu cha Empire State kama mwanafunzi wa kawaida na kuchunguza kwa siri. Wamemlipa ukawaida kama mshahara, tena wa kuigiza.

Anayetaka kuanza kusoma achukue matoleo matano ya mwanzo ya 2014 na asiguse Civil War II mpaka amzoee Bruno, la sivyo ule mlipuko hautamuuma. Kwa skrini, episodi sita za 2022 zitangulie. Kabla ya The Marvels tazama muvi ya Captain Marvel ya 2019, maana Carol hatambulishwi upya. Uwezo wa Monica ulitoka kwenye tamthilia ya WandaVision ya 2021, lakini hiyo ukiikosa si kitu, muvi inakuelezea kwa sentensi mbili tatu na kuendelea.